Majani ya mianzi yamenishinda: niyapeleke bustanini, niwape mbuzi, au?

Mrithi_wa_Shamba:

Wakuu habari za jioni. Niko Kilolo, Iringa. Nimerudi nyumbani mwaka juzi baada ya mzee wetu kufariki. Ameacha ekari moja na nusu, na karibu robo yake ni mianzi ya ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi, mashina kama thelathini, kila shina kichaka chake. Masika tunagema, hapo sina neno, hela ya sukari na sabuni inatoka humo. Shida yangu ni kiangazi. Kuanzia Juni majani yanadondoka usiku na mchana. Asubuhi nafagia uwanja, jioni huwezi kujua kama palifagiwa. Yameziba mfereji wa bati, yanaelea kwenye ndoo za maji, juzi nimekuta jani kwenye uji.

Nilikuwa nachoma. Wiki mbili zilizopita nimewasha rundo saa nne asubuhi, upepo hakuna kabisa. Nimegeuka kuchukua jembe, moto umeshatambaa chini kwa chini mpaka kwenye jiko la nje, na lile jiko ni la nyasi. Tumeuzima kwa maji ya ng'ombe na matawi mabichi. Mama hajanisemesha siku mbili.

Kwa hiyo kuchoma basi. Nina ng'ombe mmoja chotara wa maziwa, mbuzi watano, kuku wa kienyeji kama arobaini, na matuta manane ya bustani: spinachi, chainizi, nyanya na vitunguu. Mwaka jana niliyafukia majani makavu kwenye matuta mawili, nikijua ndiyo mbolea hiyo. Spinachi ikawa ya njano, ikadumaa, na tuta la pembeni ambalo sikuweka kitu likawa linanicheka. Jirani akasema mianzi ina sumu. Lakini mbuzi nawaona kila siku wanavuta yale ya kijani kwenye uzio na hakuna aliyekufa.

Sasa tushike lipi? Ng'ombe wa maziwa anaweza kula? Na makavu nifanyie nini? Naomba mtu asiniambie niingie Google, nimeshaingia, wanasimulia panda wa China tu.


Fundi_Bomba:

Mkuu hiyo mianzi kama inakusumbua niletee Makambako. Majani baki nayo, mimi nachukua ulanzi.


Mama_Vitunguu:

Mwanangu pole kwa moto, na mama mpelekee kilo ya sukari, atakusemesha.

Mimi ni mama wa hapo hapo mkoani kwako, upande wa Ilula, na mianzi niliikuta kwa wakwe. Nimehangaika na majani yake miaka kumi na minne. Nitakuandikia ninavyofanya mimi, wataalamu watanirekebisha.

Kwanza ile spinachi. Haikula sumu, ililala njaa. Jani kavu la mwanzi ni kama bua la mahindi, naitrojeni yake ni kidogo mno. Ukilifukia, wale wadudu wadogo wa udongoni wanaanza kulila, na kwa kuwa ndani yake hawapati naitrojeni ya kuwatosha, wanaikomba ile iliyokuwa kwenye udongo. Ndiyo ile ile spinachi ilikuwa inaisubiri. Baadaye wakimaliza wanairudisha, ila spinachi yako haina muda huo. Kwangu hilo nililipia na kabichi mia mbili, mwaka wangu wa pili kuolewa, na mama mkwe akiangalia.

Tangu hapo jani kavu la mwanzi kwangu linakaa juu ya udongo. Chini haliingii mpaka limekuwa mboji.

Chukua jani moja sasa hivi. Lishike kwenye ncha, pitisha kidole pembeni taratibu kurudi kwenye kikonyo. Unasikia linavyokwaruza, kama msasa? Hiyo ni silika, kitu cha jamii ya mchanga na kioo, mwanzi unaivuta ardhini na kuijaza kwenye majani. Ndiyo maana halinywi maji haraka na halioi haraka. Jani la mgomba ukiliacha masika moja unalitafuta hulioni. La mwanzi unalikuta bado lina umbo lake, limekuwa jeusi tu. Kwa mboji hiyo ni kero. Kwa matandazo hiyo ni neema, kwa sababu unatandaza mara moja na msimu unaisha halijaisha.

Kwenye nyanya nafanya hivi. Namwagilia tuta mpaka lilowe vizuri, ndipo natandaza majani unene wa vidole vinne. Naacha nafasi kuzunguka shina, upana wa mdomo wa kikombe, shina lisiguswe na unyevu. Halafu namwagilia tena juu ya majani, kidogo tu, yashikane. Hii hatua ya mwisho usiiruke. Upepo wa Agosti wa kwetu unaujua mwenyewe, nilishawahi kutandaza jioni, asubuhi majani yote yako kwa jirani na ananishukuru.

Faida yake? Zamani Septemba nilikuwa natia maji nyanya kila asubuhi, ndoo ishirini na mbili kutoka korongoni. Kwa matandazo natia kila siku ya tatu. Hiyo peke yake ingetosha, mgongo ni wangu. Lakini kuna lingine nililiona masika: tone la mvua likipiga udongo mtupu linarusha tope kwenye majani ya chini ya nyanya, na ule ugonjwa wa madoa yenye duara duara, bakajani tangulia, unapandia hapo hapo. Udongo ukifunikwa tope halirukii juu. Sisemi hutapiga dawa. Utapiga mara chache.

Vitunguu usivifunike hivyo. Vikiwa vidogo majani yanavilalia, vinapinda. Mimi naweka kiasi kidogo sana katikati ya mistari vikishafika urefu wa kiganja. Chainizi nayo subiri ishike kwanza. Na chungulia chini ya matandazo mara kwa mara, maana sota, wale viwavi wa udongoni, wanapenda hapo, wanatoka usiku wanakata miche kwenye shina kama mtu kapita na kisu. Ukikuta mche umelala chini asubuhi, fukua pale pale kwa kidole, utamkuta kajikunja kama pete. Mchwa nao kama wapo shambani kwako watakuja, kwao jani kavu ni karamu.

Sasa mboji, na hapa ndipo kuku wako wanapata kazi. Usilipeleke jani zima kwenye rundo, litakaa hapo mpaka mtoto wako aende kidato cha kwanza. Limwage kwanza kwenye uwanja wa kuku, unene wa goti. Watupie pumba kidogo ndani yake. Kuku arobaini wakichakura wiki sita, saba, jani linavunjika vipande, na kinyesi chao kinaingia humo humo, kina naitrojeni kali. Ile ndiyo naichota kwa koleo, toroli mbili, toroli moja ya samadi mbichi ya ng'ombe, nanyunyizia maji mpaka ukikamua konzi inatoa tone moja mbili, basi. Nageuza kila wiki tatu. Nikianza Julai, Desemba mvua zikianza natia kwenye mashimo ya nyanya. Jani zima bila kuku lilinichukua mwaka na zaidi.

Ng'ombe nitaandika baadaye, maziwa yanachemka.


Kinangop_Maziwa:

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu wadau wengi wamepanda mianzi ile mikubwa kando ya mito, na kiangazi kikishika nyasi zikaisha, majani yake ndiyo yanabaki kijani. Ng'ombe wanakula bila taabu. Mimi nayapitisha kwa mashine ya kukata majani, nusu inchi hivi, nachanganya na matete na nanyunyizia molasi. Ukiwapa yakiwa mazima wanachagua, wanakula ncha wanaacha matawi, halafu unabaki na kazi ya kusafisha hori.


Mama_Vitunguu:

Nimerudi. Ahsante ndugu wa Kinangop, molasi huku kwetu ni ya kutafuta kwa tochi ila nimekuelewa.

Mbuzi: funga fungu la matawi mabichi kwa kamba, lining'inize kwenye boriti urefu wa kichwa cha mbuzi aliyesimama. Ukiwawekea chini wanakanyaga, wanakojolea, kisha wanakuangalia kama wewe ndiye mchafu. Mbuzi wangu wanaanza na majani laini ya ncha, wanamalizia ya katikati, na kikonyo wanaguguna mpaka kinakuwa mswaki. Sungura pia wanayapenda sana.

Ng'ombe hapa sikiliza, nitakueleza aibu yangu. Mwaka mmoja Oktoba nyasi zilikwisha kabisa. Nikasema mianzi si ipo? Nikawa nampa ng'ombe wangu majani ya mwanzi asubuhi, mchana, jioni, kwa wiki mbili. Anakula vizuri, tumbo limejaa, mimi najisifu. Maziwa yakatoka lita nane yakafika tano. Hakuwa mgonjwa, ni jani gumu tu lililokuwa linajaza tumbo bila kumpa nguvu ya kutosha. Nikarudi kwenye akili: mwanzi ukawa kama theluthi moja ya hori, theluthi nyingine mabua ya mahindi na nyasi nilizokausha Mei, na iliyobaki majani ya viazi vitamu na lusina, ile miti niliyopanda kwenye mpaka. Jioni pumba kilo mbili na mashudu ya alizeti. Ilichukua siku kumi kurudi lita saba na nusu. Ile nane sikuiona tena mpaka mvua.

Kwa hiyo jibu langu: ng'ombe wa maziwa anaweza kula, ila usiufanye mwanzi kuwa ugali wake. Ufanye mboga.

Nguruwe kama ungekuwa nao ningekwambia majani makavu ndiyo godoro zuri kuliko yote. Wanayapanga wenyewe.


Mifugo_Mstaafu:

Nimesoma, mama kaeleza vizuri. Nilikuwa afisa mifugo kwa muda mrefu nyanda za juu, niongeze machache tu.

Jirani yako aliyesema mianzi ina sumu hakudanganya kabisa, kakosea sehemu. Sumu iko kwenye chipukizi, lile changa linalochomoza ardhini. Chipukizi bichi la mianzi mingi lina kemikali inayotoa sianidi likitafunwa, jamii ile ile ya sumu iliyomo kwenye mihogo michungu. Watu wanaokula machipukizi wanayachemsha kwanza, kama wenzetu Wagisu wa Mlima Elgon na malewa yao. Mbuzi hana sufuria. Mvua zikianza na machipukizi yakitoka, mifugo isiachiwe ndani ya kichaka, hasa ikiwa na njaa. Mnyama mwenye sumu hiyo anahema kwa shida, anayumba, anaanguka haraka, na mara nyingi muda wa kumwita mtu haupo. Majani yaliyokomaa hayana tatizo hilo kwa kiasi anachoeleza mama.

La pili, maganda yale ya kahawia yanayofunika chipukizi. Yana vinyweleo vinavyowasha, nadhani unavijua. Usiyachanganye kwenye matandiko ya mifugo wala usiyabebe begani bila shati. Kama umewahi kubeba, huhitaji nikuambie.

La tatu ni kuku. Majani makavu yanafaa kutandika bandani kwa kuku wakubwa, lakini hayanyonyi unyevu kama maranda ya mbao. Yanatelezesha maji ya kinyesi chini, juu pakavu, chini pamevunda. Lazima yageuzwe. Vifaranga wa wiki za mwanzo usiwatandikie kabisa kama majani yamewahi kulowa na kukauka tena. Ukiyafungua ukaona unga wa kijivu au kijani na harufu ya stoo ya zamani, hiyo ni kuvu. Vumbi lake linaingia kwenye mapafu ya kifaranga, anakaa mdomo wazi anahema, na hakuna dawa ya maana ya kumrudisha. Mafungu kama hayo peleka kwenye mboji, na wewe ziba pua.


Mgema_wa_Zamani:

Vijana mnagawana majani kama mali ya mirathi, hakuna aliyemuuliza mwanzi wenyewe.

Wewe uliyerithi, unafagia mpaka chini ya shina? Acha. Uwanja fagia, njia fagia, lakini chini ya shina acha majani unene wa kiganja wakati wote. Mwanzi unakula majani yake mwenyewe. Hiyo silika aliyoitaja mama inarudi huko huko ilikotoka, na udongo unabaki na ubaridi mpaka mvua. Marehemu baba yangu alikuwa na shina moja karibu na njia ya kanisani, watu walikuwa wanalifagia kila Jumamosi kwa usafi. Mianzi yake ilikuwa myembamba kama fimbo ya kuchungia, na mbeta ya pale, kile chombo cha kukingia ulanzi, ilijaa kwa shida wakati mashina ya bondeni yanamwaga.

La pili kubwa zaidi. Matawi ya kulisha mbuzi unakata kwenye mwanzi upi? Ukichuma majani ya mianzi iliyoota mwaka huu au mwaka jana unaiba ulanzi wako wa kesho. Hiyo ndiyo inalisha mizizi, na mizizi ndiyo inatoa chipukizi tunalogema masika. Kata kwenye mianzi mizee, ya miaka mitatu kwenda juu. Utaijua: rangi imefifia, ina madoa madoa meupe ya ukungu wa miti, na ukiigonga kwa mgongo wa panga inalia kavu. Changa inang'aa, ina vumbi jeupe kwenye vifundo, na ikigongwa inaitika kwa sauti nzito. Ile mizee unatakiwa kuipunguza hata hivyo, kila kiangazi michache. Nguzo unapata, fito za banda unapata, na majani ya mbuzi juu yake.

Chipukizi usiguse. Hiyo ya sianidi sikuijua, mimi nilikuwa nachapwa tu.


Mrithi_wa_Shamba:

Wazee na mama shikamooni, na wengine wote ahsanteni. Nimerudi, imepita wiki tano.

Matuta mawili ya nyanya nimetandaza, mawili nimeyaacha wazi nione tofauti. Jana saa nane mchana nimeingiza kidole: kwenye tuta la wazi udongo ni unga mpaka kifundo cha pili, kwenye lenye majani unyevu unaanza mara tu ukipenya chini ya jani. Tuta moja nilisahau kulowesha majani juu, na kweli yalihama. Safari hii jirani hakunishukuru, kaleta malalamiko.

Sota nimemkuta. Kajikunja kama pete, kama mama alivyosema. Miche minne imekwenda.

Kuku ndio wamenishangaza. Nimewamwagia viroba kumi na viwili, wiki ya kwanza walikuwa wanayaogopa, wanakaa pembeni kama wageni msibani. Nilipotupa pumba ndani, hawajatoka humo tena. Mama sasa ananisemesha, kwa sababu kuku mmoja aliyekuwa anataga porini amehamia humo na mayai yanaonekana.

Mzee Mgema, umenikamata. Nilikuwa nakata michanga kwa sababu matawi yake yako chini, panga linafika. Nimepiga mianzi kwa mgongo wa panga kama ulivyoelekeza, shamba zima, mama akatoka kuuliza kama nimepata wazimu. Sauti ni tofauti kweli. Nimeweka alama ya chokaa kwenye mizee kumi na saba.

Ng'ombe nampa theluthi. Maziwa yako pale pale, lita sita, hayajapanda hayajashuka.

Swali moja limebaki. Chini ya mashina, pale Mzee aliposema niache majani, juzi nimeona mkia wa nyoka ukizama. Sikuona kichwa. Nifanyeje na kila siku nachota majani hapo karibu?


Mama_Vitunguu:

Gambuti mguuni, reki ya mpini mrefu mkononi, na uchote saa nne kwenda mbele wakati unaona vizuri. Kabla ya kuchota, piga chini kwa mpini mara tatu nne, subiri kidogo, mpe nafasi aondoke. Mkono mtupu usiingize hata kama umeona yai. Na lile rundo la kiroba lililo karibu na mlango wa jiko, maana najua lipo, lihamishe leo.